MATOLEO YA PROGRAMU KATIKA LINUX: NANI AAMUE LIPI LIWE LA MSINGI?

Wapo watumishi na wananchi ambao kompyuta zao zinaendeshwa kwa Linux, na aghalabu huuliza swali moja kwa namna mbalimbali. Mtu husikia kwamba waundaji wa programu fulani wametoa toleo jipya, lakini akitazama kwenye kompyuta yake anakuta toleo la mwaka juzi. Hudhani kuwa amepewa kitu kilichochakaa, au kwamba fundi aliyemwekea amezembea. Maelezo haya yanakusudia kufafanua kwa nini hali iko hivyo na ni mabishano gani yaliyoizaa. Yanakusudia pia kuonyesha namna jambo linalodhaniwa kuwa la mafundi peke yao linavyoweza kugusa hata hesabu ya malipo ya mtu.

Linux yenyewe ni kiini tu cha mfumo wa kompyuta. Kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Kiini hicho peke yake hakimfai kitu mtumiaji wa kawaida, sawa na injini ya gari iliyowekwa sakafuni bila ya bodi wala magurudumu. Kwa hivyo walitokea watu waliokikusanya kiini hicho pamoja na maelfu ya programu nyingine, wakazipanga zipatane, kisha wakazitoa kwa umma zikiwa kitu kimoja. Mikusanyo ya namna hiyo ndiyo inayojulikana kwa majina kama Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, na Fedora, Red Hat, Ubuntu na Arch Linux. Ndani ya mkusanyo kila programu hufungwa katika kifurushi, na kila kifurushi kina mtu au kikundi kinachokitunza. Debian 13, iliyotolewa tarehe 9 Agosti 2025, ina vifurushi zaidi ya 69,000.

Programu hizo hazikuandikwa na watu wa Debian wala wa Fedora. Kila moja ina waundaji wake, na kila waundaji wana kalenda yao ya kutoa matoleo. Mtunzaji wa kifurushi analazimika kuamua: mtu akiomba programu kwa jina lake tu, bila ya kutaja nambari, apewe toleo lipi? Hilo analopewa pasipo kulichagua ndilo tunaloliita katika maelezo haya toleo la msingi. Watu wengi hawachagui kamwe. Kwa hivyo anayeamua toleo la msingi huwa amewaamulia watu wengi ambao hata hawajui kwamba palikuwa na la kuamuliwa.

JINA MOJA, VIPIMO VIWILI

Wazee wetu walipima nafaka kwa pishi, na pishi moja ni vibaba vinne. Tuseme mwenye duka amebadilisha kibaba chake kwa kingine kisicholingana na cha zamani, lakini mnunuzi na muuzaji wakaendelea kusema "pishi" kama kawaida yao. Hapo hakuna aliyesema uongo, ila mchele hautatimia, na ugomvi utazuka siku ambayo hakuna anayekumbuka kwamba kibaba kilibadilishwa.

Jambo la namna hiyo lilitokea kwa Python, ambayo ni lugha ya kuandikia programu na inatumiwa sana katika Linux. Mwezi Desemba 2008 waundaji wake walitoa Python 3.0 kwa nia ya kusahihisha makosa ya tangu zamani. Walijua, nao walisema wazi, kwamba programu zilizoandikwa kwa Python 2 nyingi zisingefanya kazi chini ya Python 3 bila ya kurekebishwa. Mabadiliko mengine yalikuwa ya kelele. Amri ya kuchapisha maneno, kwa mfano, iliwekewa sharti la mabano. Aliyeiandika kwa mtindo wa zamani hukataliwa papo hapo na kompyuta, huoneshwa mstari wenye kosa, na hujua la kufanya.

Mengine yalikuwa ya kimya, na hayo ndiyo ya kuogopwa. Katika Python 2, namba nzima ikigawanywa kwa namba nzima jibu hukatwa likawa namba nzima. Katika Python 3 jibu hutolewa pamoja na sehemu yake. Tuchukue mfano wa karani aliyeandika programu ndogo ya kukokotoa malipo ya kazi ya ziada. Mtumishi amefanya kazi kwa dakika 90, na programu inagawanya 90 kwa 60 ili kupata saa. Chini ya Python 3 jibu ni saa 1.5. Chini ya Python 2 jibu ni saa 1. Ikiwa malipo ni shilingi 4,000 kwa saa, mtumishi yule yule kwa kazi ile ile atalipwa shilingi 6,000 kwenye kompyuta moja na shilingi 4,000 kwenye nyingine. Hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea kwenye kioo. Karatasi itachapwa safi, itatiwa saini na kupelekwa.

Suala likawa basi: kwenye mkusanyo wenye Python mbili, mtu akiandika neno "python" tu, aitwe nani? Arch Linux, ambayo desturi yake ni kufuata matoleo mapya yanapotoka, iliamua Oktoba 2010 kwamba neno hilo limaanishe Python 3. Uamuzi huo ulikuwa wa mapema mno kwa wengine. Programu nyingi zilizosambaa duniani wakati ule zilikuwa zikiita "python" zikimaanisha Python 2, na kwenye Arch zikashindwa kufanya kazi mpaka zirekebishwe moja moja. Mwaka uliofuata jumuiya ya Python iliandika mwongozo, unaojulikana kwa nambari 394, ikishauri kwamba kwa muda ule neno "python" liendelee kumaanisha Python 2, na kwamba kila anayehitaji toleo mahsusi aandike "python2" au "python3" kwa ukamilifu wake.

Ushauri huo ulikuwa na busara yake, lakini nao uliwazoesha watu jina lililokuwa likielekea kufa. Kwenye Red Hat Enterprise Linux 7, na kwenye CentOS 7 iliyojengwa kutokana nayo, programu iitwayo yum, ambayo ndiyo inayoweka na kuondoa programu nyingine zote, iliandikwa kwa Python 2 na iliiita kwa jina lile fupi. Mafundi waliotaka kuonekana wa kisasa waliligeuza jina liende kwenye Python 3, na mara yum ikafa. Chombo ambacho kingewasaidia kutengeneza kosa ndicho hicho walichokivunja, mithili ya mtu aliyefunga mlango na kuacha ufunguo ndani.

Python 2 ilifikia mwisho wa kutunzwa tarehe 1 Januari 2020, na toleo lake la mwisho, 2.7.18, lilitoka Aprili mwaka huo. Kufikia hapo wasambazaji hawakuweza tena kuliahirisha suala hili, na hawakukubaliana. Fedora 31, ya Oktoba 2019, ililigeuza jina "python" likawa la Python 3. Red Hat Enterprise Linux 8, iliyotoka Mei 2019, ililiacha jina bila ya kulipa mwenyewe: mwenye kompyuta aamue, na asipoamua, amri hiyo haipo. Ubuntu 20.04 ya Aprili 2020 na Debian 11 ya Agosti 2021 zilifuata njia inayokaribiana na hiyo. Jina tupu liliondolewa, na pakawekwa vifurushi vidogo kwa wanaolitaka, kimoja kikisema kwa jina lake kwamba python ni Python 2 na kingine kwamba python ni Python 3. Mwongozo wenyewe, 394, ulikuwa umeshasahihishwa mwaka 2019 ili kuwaachia wasambazaji uhuru wa kuchagua.

Katika njia hizi, ile ya kuliondoa jina kwa muda ndiyo inayotupendeza. Inaudhi, hilo hatukatai. Mwanafunzi anayesoma kitabu kinachomwambia aandike "python" huandika, huambiwa hakuna amri hiyo, na hudhani kompyuta yake ni mbovu. Lakini tuupime udhia huo dhidi ya ule wa mtumishi aliyepunjwa shilingi 2,000 kila mwezi bila ya yeye wala karani wake kujua. Amri inayokataa kufanya kazi humlazimisha mtu aulize, na anayeuliza hujibiwa. Katika masjala zetu kila mtu anajua kwamba hapatafutwi "ule waraka". Hutafutwa waraka kwa nambari yake na tarehe yake. Karani akiulizwa waraka usio na nambari na akawa na wawili mezani, anayestahili sifa ni yule anayeuliza, wala si yule anayetoa wa juu.

UZEE WA NAMBARI

Turudi kwa yule anayelalamika kwamba kompyuta yake ina toleo la zamani. Debian ina desturi ya kuligandisha toleo kuu kabla ya kulitoa. Kwa miezi kadhaa hakuna programu mpya inayoingizwa, ila makosa tu ndiyo yanayosahihishwa, na baada ya kutolewa, nambari za programu hubaki zilivyo kwa miaka. Debian 12, ya Juni 2023, ilitoka na Python 3.11, Debian 13 ina Python 3.13. Baina ya hizo mbili, mwenye Debian 12 hakupandishwa kwenda toleo jingine la Python kwa nguvu, na programu iliyofanya kazi Jumatatu ilitarajiwa kufanya kazi Jumanne.

Lakini kugandisha nambari si kuacha kutunza. Mfano mmoja unatosha. Tarehe 1 Julai 2024 ilitangazwa kasoro kubwa katika OpenSSH, programu ambayo mafundi huitumia kuingia kwenye kompyuta wakiwa mbali. Waundaji waliiziba kasoro hiyo katika toleo 9.8p1. Debian 12 ilikuwa na toleo 9.2p1, nayo haikuruka kwenda 9.8p1. Walichofanya watunzaji ni kuchukua kiraka kile tu kinachoziba kasoro, wakakishona kwenye 9.2p1, na kubadilisha mkia wa nambari ya kifurushi ukawa "deb12u3". Anayesoma nambari ya mbele tu angeapa kwamba kompyuta hiyo iko wazi. Anayesoma mpaka mwisho wa mstari angejua kwamba imeshazibwa. Wakaguzi wanaopita na vyombo vya kusoma nambari wanapaswa kulijua hili kabla ya kuandika ripoti za kuogofya. Debian 11, iliyokuwa na toleo la zamani zaidi, 8.4p1, kasoro hiyo haikuigusa kabisa, kwa kuwa iliingia katika matoleo yaliyofuata.

Tarehe 29 Machi 2024, miezi mitatu kabla ya hapo, yalitokea makubwa zaidi. Andres Freund, mtaalamu anayeshiriki katika uundaji wa PostgreSQL, aliona kuwa kuingia kwenye kompyuta ya majaribio kunachelewa kwa takriban nusu sekunda kuliko kawaida. Akafuatilia, na akagundua kwamba ndani ya programu ndogo ya kubana mafaili, iitwayo xz, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, kulikuwa kumefichwa mlango wa siri. Mlango huo haukuingia kwa bahati mbaya. Aliyeutia alikuwa amejenga imani kwa muda mrefu mpaka akakabidhiwa sehemu ya utunzaji wa programu hiyo. Matoleo hayo yalikwisha kuingia katika tawi la majaribio la Debian, katika Fedora iliyokuwa ikiandaliwa, na katika openSUSE Tumbleweed inayofuata matoleo mapya. Debian ya kawaida, ile iliyogandishwa, haikuwa nayo. Nusu sekunda hiyo ingeweza isionwe na mtu, na ingetokea hivyo, kuchelewa kwa Debian kungekuwa ndiyo kinga pekee iliyobaki, kwa muda.

Wanaopendelea matoleo mapya nao wana hoja, na si haki kuwafanya kana kwamba wanapenda vipya kwa ajili ya upya. Mwandishi wa programu hutoa toleo jipya kwa kuwa amesahihisha makosa, na huumia akiona watu wanaendelea kumlalamikia kwa makosa aliyoyafuta miaka mitatu nyuma. Mwaka 2016 Jamie Zawinski, mwandishi wa XScreenSaver, programu inayofunika kioo cha kompyuta isipotumiwa, aligombana na watu wa Debian kwa sababu hiyo hiyo. Alikuwa ametia ndani ya programu yake onyo linalomwambia mtumiaji kwamba toleo lake limezeeka sana. Wenye Debian waliliona onyo hilo, wakadhani kuna hitilafu. Yeye alitaka Debian ama wasambaze toleo jipya au wasiisambaze programu yake kabisa. Kisheria hakuwa na uwezo wa kuwazuia, kwa kuwa leseni yake inaruhusu. Ila malalamiko hufika kwa mwenye jina, na jina lilikuwa lake.

Tena, kiraka kinachoshonwa na mtunzaji si lazima kiwe salama. Mwaka 2006 mtunzaji wa kifurushi cha OpenSSL katika Debian aliondoa mistari michache ya msimbo iliyokuwa ikilalamikiwa na chombo cha kukagua makosa. Mistari hiyo ndiyo iliyokuwa ikiingiza bahati nasibu katika utengenezaji wa funguo za siri. Kwa karibu miaka miwili kompyuta za Debian, na zile za Ubuntu zilizorithi kifurushi hicho, zilitengeneza funguo ambazo, kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo kwenye aina moja ya mashine, hazikuzidi sana 32,000. Mtu mwenye subira angeweza kuzijaribu zote. Jambo hilo lilitangazwa tarehe 13 Mei 2008, na watu walilazimika kutupa funguo zao na kutengeneza nyingine. Kabla ya kuiondoa mistari hiyo mtunzaji aliuliza katika orodha ya barua ya mradi huo, na majibu aliyoyapata hayakumzuia. Hapa hatuna pa kuelekeza kidole kwa urahisi. Tunaweza kusema tu kwamba kadiri kifurushi kinavyoachana na asili yake, ndivyo macho yanayokitazama yanavyopungua.

MSAMBAZAJI ANAPOJITWALIA NAMBARI

Lipo tukio jingine linalostahili kukumbukwa, japo ni la zamani. Mwezi Septemba 2000 kampuni ya Red Hat ilitoa Red Hat Linux 7.0. Toleo la msingi la GCC lililokuwamo, yaani programu inayogeuza msimbo ulioandikwa na mtu kuwa amri zinazoeleweka na mashine, liliitwa 2.96. Tatizo ni kwamba waundaji wa GCC hawakuwahi kutoa toleo 2.96. Red Hat walikuwa wamechukua kazi iliyokuwa katikati ya kuandaliwa, wakairekebisha wenyewe na kuitoa. Mwezi Oktoba kamati inayoongoza GCC ilitoa taarifa kwamba toleo hilo si lao na halitakuwa lao. Ilitahadharisha kwamba programu za lugha ya C++ zitakazojengwa kwa toleo hilo hazitapatana na za toleo lililotangulia wala la lile litakalofuata. Kiini cha Linux chenyewe Red Hat walikijengea kwa chombo kingine cha zamani walichokiweka pembeni katika mkusanyo huo huo.

Red Hat hawakukosa la kujitetea. Toleo rasmi la wakati ule, 2.95, lilikuwa nyuma katika C++ na katika baadhi ya aina za mashine walizohitaji kuzihudumia. GCC 3.0 haikuwa tayari, na kweli haikutoka mpaka Juni 2001. Wateja wao hawakuweza kungoja. Tunaamini hoja hiyo ilikuwa na uzito. Kosa lao, kwa maoni yetu, halikuwa kuchukua kazi isiyokamilika bali kuipa nambari inayofanana na za wenyewe. Laiti wangeiita kwa jina linaloonesha kuwa ni yao, mzozo ungekuwa mdogo zaidi, na mwenye kujenga programu angejua ameshika nini mkononi.

Palipo na sababu ya kuweka matoleo mawili pamoja, wasambazaji wamejifunza kuyatenganisha kwa majina. Mfano mwema ni PostgreSQL, programu ya kuhifadhi kumbukumbu. Katika Debian kifurushi chenye jina "postgresql" pekee hakina programu ndani yake. Ni kibao tu kinachoelekeza kwenye toleo la msingi la wakati huo, ambalo lilikuwa 15 katika Debian 12 na ni 17 katika Debian 13. Anayepandisha mkusanyo wake kutoka 12 hadi 13 huwekewa 17 kando ya 15, lakini kumbukumbu zake haziguswi. Hubaki ndani ya 15 mpaka mwenyewe atoe amri ya kuzihamisha. Kwa daftari la ardhi au la wagonjwa, huo ndio mpango unaofaa.

Msomaji atauliza: kwa nini wasifanye hivyo kwa programu zote, kila mtu akajichagulia? Fedora walijaribu kitu kinachokaribia hicho. Kuanzia Fedora 28 ya mwaka 2018 waliweka utaratibu wa kumwezesha mtu kuchagua mkondo wa toleo kwa baadhi ya programu, na waliuondoa katika Fedora 39 ya mwaka 2023. Kila toleo la ziada linahitaji mtu wa kuliziba matundu, tena si yeye peke yake. Programu hutegemea programu nyingine, na hizo nazo hutegemea nyingine, hata uchaguzi mmoja unaoonekana mdogo huvuta kumi nyuma yake. Watunzaji wengi wa Debian na Fedora wanafanya kazi hiyo kwa kujitolea. Kudai kila toleo litunzwe ni kudai kazi ya watu ambao hawapo.

YA KUFANYWA MAOFISINI NA MAJUMBANI

Anayeandika programu ndogo kwa Python, hata ya mistari kumi, aandike "python3" katika mstari wake wa kwanza, asiandike "python" tu. Zile za zamani zilizoandikwa kwa Python 2 na bado zinatumika zitafutwe, na palipo na mgawanyo wa namba ndani yake pakaguliwe kwa hesabu ya mkono kabla ya kuhamishwa, hata kama zinaonekana kufanya kazi. Mfano wetu wa dakika 90 unaweza kutumiwa kama mtihani.

Jina ambalo mkusanyo umeliwekea mwelekeo lisigeuzwe na mtu asiyejua nini kinalitegemea. Anayehitaji toleo jipya zaidi la Python au la maktaba zake aliweke katika mazingira ya pekee, mbali na yale ambayo mfumo wenyewe unayatumia. Tangu Debian 12, programu ya kuwekea maktaba za Python, pip, hukataa kuweka kitu katika eneo la mfumo na humweleza mtumiaji afanye hivyo. Wapo wanaolizunguka katazo hilo kwa amri ya kulazimisha, ambayo jina lake lenyewe linasema kwamba inaweza kuvunja mfumo. Tumemwona mtumishi mmoja akiiandika amri hiyo kwa kuinakili bila ya kuisoma, na siku iliyofuata akatuita.

Mwisho wa utunzaji ujulikane kabla haujafika. Ahadi ya msambazaji ndiyo inayolifanya toleo la zamani kuwa salama, na ahadi ikiisha, nambari iliyogandishwa huwa kweli ni kitu kilichochakaa. Ahadi hiyo pia inaweza kufupishwa. CentOS 8 ilitarajiwa kutunzwa hadi mwaka 2029, lakini Desemba 2020 ilitangazwa kwamba utunzaji wake ungekoma tarehe 31 Desemba 2021, na ndivyo ilivyokuwa. CentOS 7 nayo ilikoma tarehe 30 Juni 2024, siku moja na Debian 10. Debian 11 imewekewa tarehe 31 Agosti 2026. Toleo la Debian hutunzwa kwa takriban miaka mitatu na kikosi chake cha usalama, kisha miaka miwili na kikundi kingine cha muda mrefu. Ubuntu zile zinazotoka Aprili ya kila mwaka wa pili hutunzwa miaka mitano.

Kila ofisi yenye kompyuta ya Linux iandike kwenye daftari la vifaa jina la mkusanyo, nambari ya toleo lake, tarehe ya mwisho ya utunzaji, na jina la mtumishi anayezijua programu ndogo zilizoandikwa hapo hapo ofisini. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayosahauliwa. Mtumishi akihamishwa au akistaafu, ijazwe upya siku ile ile anapokabidhi ofisi.